Swali Linalotembea Kwenye Ukungu

Swali la kwanza la saa nane mchana lilikuwa la Atilio, na lilikuwa lile lile la jana.

"Wavu, viazi vyangu vinasemaje huko bondeni?"

"Mzee Atilio, wavu hauna mdomo. Ni mimi Enesia, kama jana," Enesia alisema kwenye redio. Mkono wa pili ulikuwa ukimpapasa Lugano mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi minane na meno mawili njiani, na ngumi nzima ilikuwa imeingia mdomoni. "Subiri niviulize."

"Viulize kwa upole. Vina mimba."

Enesia alicheka, akagusa jina la shamba kwenye kioo. Swali likatoka kwenye mlingoti mfupi juu ya paa la kituo, ambacho zamani kilikuwa chumba cha kukusanyia maziwa, likaingia kwenye punje iliyofukiwa nje ya mlango. Punje hiyo ikamnong'oneza jirani yake. Jirani akamnong'oneza aliye mbele. Likateremka hivyo, mdomo kwa mdomo, kilometa mbili mpaka bondeni, na jibu likapanda kwa njia ile ile: nyuzi saba, udongo una maji ya kutosha.

"Vinakusalimia," Enesia akamwambia. "Vinasema usivisumbue tena mpaka jioni."

Punje ilikuwa kihisio kidogo, ukubwa wa harage, chenye jani moja dogo la kunywea jua lililochungulia juu ya udongo. Ilihisi joto, unyevu na mtikisiko. Sauti yake ilifika hatua kumi na tano, basi. Haikujua kijiji cha Ilevelo kina ukubwa gani wala kinaishia wapi. Iliwajua majirani zake sita au saba. Punje elfu arobaini na moja zilikuwa zimepandwa pamoja na viazi na pareto kwenye miteremko yote, na kila neno zilipoambiana lilikula chaji. Ukutani, juu ya birika la chai, palikuwa na namba moja kubwa ya kijani iliyoonyesha wastani wa chaji ya wavu mzima, kwa mia. Siku hiyo ilikuwa ya tisa bila jua, na namba ilisema kumi na nne.

Zikishuka chini ya sita, punje hulala. Haziamki mpaka jua lizichome.

Enesia alikuwa anamwaga chai aliposikia viatu vya mumewe mlangoni. Lutengano alikuwa na umande kwenye nyusi.

"Mama hajarudi."

"Alikwenda wapi?"

"Aliaga asubuhi, anakwenda kuangalia pareto kule juu. Yeye na Diwani." Diwani alikuwa mbuzi wake, dume lenye ndevu na tabia ya kuingia mahali bila kualikwa. "Alisema saa sita atakuwa nyumbani. Na ukungu ulishuka saa tano. Nimepanda mpaka kwenye pareto, nimeita, hakuna jibu."

Enesia aliweka birika chini. Kutoka dirishani hakuona hata nguzo ya uzio, hatua nne tu kutoka alipo.

"Ana bangili mkononi?"

"Nilimfunga mwenyewe juzi. Alinitukana, lakini nilimfunga."

Kila mzee wa Ilevelo alikuwa amepewa bangili yenye punje ndani, ili ajulikane alipo. Bi Orida, mama yake Lutengano, alikuwa ameilalamikia tangu juzi, kwamba amevishwa alama kama ng'ombe wa mnadani. Enesia aliandika namba ya bangili kwenye kioo, akalituma swali litembee.

"Itachukua muda gani?" Lutengano aliuliza.

"Halijui njia. Linaingia kwa punje moja, linauliza, 'Umemwona?' Akisema hapana, linachagua jirani yeyote, linaendelea. Ni kama mtu anayetafuta nyumba ya msiba bila kuelekezwa. Lakini ni rahisi kwa chaji, linawasumbua wachache tu. Nimetuma manne, kila moja na upande wake."

Walikaa. Lutengano alimpakata Lugano, akamwachia kidole chake atafune. Baada ya dakika thelathini na tano kioo kililia. Bangili ilikuwa kwenye kijito cha Lusitu, na ilikuwa inasogea.

"Anatembea," Enesia alisema. "Nenda. Nitakuongoza."

Alimwongoza punje kwa punje, kushoto, mbele, shuka kidogo. Kisha sauti ya Lutengano ikaja redioni taratibu sana.

"Mama Lugano."

"Umemwona?"

"Nimemwona Diwani. Amevaa bangili shingoni, imefungwa kwa kamba ya katani. Fundo ni la Mama, nalijua." Akavuta pumzi. "Mama hayupo."

*

Edina Tweve, mwenyekiti wa kijiji, alifika kituoni akiwa na shuka kichwani na ufunguo mkononi. Atilio alikuwa nyuma yake, maana alikuwa ameisikia redio yote.

"Amemvalisha mbuzi," Edina alisema, akikaa.

"Alishaniambia," Enesia alisema. "Juzi tu. Alisema, 'Mimi sijawahi kupotea miaka sabini na mmoja, Diwani anapotea kila Jumanne. Sasa nani anahitaji bangili?' Nikadhani ni mzaha."

Hakuna aliyecheka, ingawa wote walitamani.

Kulikuwa na njia moja ya haraka. Kwenye ukuta, ndani ya kisanduku chenye matundu mawili ya funguo, ilikaa mbiu. Mbiu haikutembea. Ilipigwa, na punje ya kwanza ikawaambia majirani zake wote kwa pamoja, nao wakawaambia wote wao, mpaka ndani ya dakika moja punje zote elfu arobaini na moja zikawa zimesikia na kupokezana, kila moja ikisikia neno lile lile kutoka midomo sita. Hakuna kinachojificha kwa mbiu. Ukiuliza mahali penye joto la mtu aliyeketi chini, utaambiwa.

Ila mbiu moja ilikula chaji tisa.

Edina aliingiza ufunguo wake, akauzungusha. "Wangu tayari. Bado wako."

Enesia aliushika wake, akaangalia ile namba ya kijani. Kumi na nne ukitoa tisa ni tano. Punje zote zingelala, na taarifa ya hali ya hewa ilisema ukungu ungeondoka jioni na anga kubaki wazi. Anga likibaki wazi mwezi wa Juni, alfajiri inaleta sakitu, ile barafu nyembamba inayokaa juu ya majani na kuyaacha meusi. Nyasi na maturubai ya kijiji yalitosha kufunika theluthi ya mashamba. Punje ndizo huwaambia watu sakitu itatua wapi, ili wafunike pale na si kwingine. Familia mia mbili na kumi zilikuwa na mbegu ya mwaka ujao ardhini.

"Piga," Atilio alisema.

"Mzee, shamba lako ndilo la kwanza kuungua. Liko chini kabisa, baridi yote inateremkia kwako."

"Najua lilipo shamba langu."

"Na hesabu ya nyasi..."

"Nimekuuliza hesabu? Orida ni mtu. Kiazi ni kiazi. Piga, mwanangu."

Angekuwa ni mama wa mtu mwingine, labda mkono wake ungekuwa mwepesi zaidi. Au mzito zaidi. Hakujua, na kutokujua huko ndiko kulikomchoma. Akipiga, kesho kuna watakaosema mtunza wavu aliunguza mbegu ya kijiji kwa ajili ya mkwe wake. Na asipopiga, yuko mwanamke mahali fulani kwenye ukungu, na bado saa mbili jua lizame, na jua likizama hakuna shuka litakalotosha.

Lugano alianza kulia. Enesia alimpokea, akamfunga mgongoni kwa khanga, akaanza kutembea mule ndani, hatua tano kwenda, tano kurudi, kama anavyofanya kila mtoto anapokataa kulala. Kwenye hatua ya tano ya mara ya tatu akasimama.

"Mwenyekiti, siku ya mnada hapa, ukipotezana na mwenzako kwenye ukungu, unafanyaje?"

Edina alimtazama kama mtu aliyeulizwa jinsi ya kunawa mikono. "Unaacha habari kwenye mstari. Kwani hujui?"

"Sikujua. Mimi nimezaliwa Usangu, kwetu tambarare, unamwona mtu kutoka anapoamka."

Mwezi wake wa kwanza wa ndoa alimpoteza Bi Orida mnadani, akamwita kwa jina mpaka sauti ikakauka, maana kwenye ukungu sauti inatokea upande usio wake. Alipompata, Bi Orida alikuwa anakula hindi la kuchoma bila wasiwasi. "Sisi hatupigi kelele, mwanangu," alimwambia. "Mmoja anapita na mstari mmoja wa wauzaji, anamwambia kila muuzaji: nimepita, naelekea kwenye chumvi. Mwingine anaikata mistari kwa upande. Lazima atamgonga mtu mmoja aliyeambiwa. Akishamgonga, anafuata tu."

"Waliotengeneza wavu huu walikuwa watu wa hapa," Enesia alisema, na sasa alikuwa anaongea haraka. "Walizifundisha punje tabia ya mnadani. Punje ikihisi jambo geni, bomba limepasuka, moto kwenye mabua, haipigi kelele. Inamwambia jirani mmoja, naye mmoja wa mbele yake, mstari ulionyooka, midomo mia tatu. Kila aliyeambiwa anakumbuka kwa muda wa saa sita: habari ilitoka upande ule. Jambo likiendelea, inatumwa upya. Tumeiacha njia hiyo kwa sababu ya bangili. Siku hizi tunauliza jina, hatuulizi jambo."

"Na Orida ni jambo gani?" Atilio aliuliza.

"Ni joto. Mtu akikaa chini, udongo unapata joto. Kama kuna punje imeona ni ajabu, habari yake imeshatembea mchana kutwa, inasubiri mtu aikate. Natuma maswali matano yapite kwa upande, kuvuka mteremko. Hayali hata chaji moja."

"Na kama habari haikutembea?"

"Ndiyo sababu nataka dakika ishirini tu. Wewe mwenyekiti ushike saa, nisiishike mimi. Zikiisha nitauzungusha ufunguo bila kusema neno, na viazi tutavililia kesho."

Edina alivua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani katikati yao. "Zimeanza."

*

Mstari wa kwanza uliishia kwenye mabwawa ya samaki bila kugonga chochote. Dakika nne.

Mstari wa pili uligonga. Enesia alirukia kioo. Joto nyuzi thelathini na nane, lina siku tatu, linatoka upande wa bondeni.

"Siku tatu," Edina alisema. "Huyo si Orida."

Enesia aliangalia ramani. "Ni samadi ya Mzee Atilio. Inachachuka."

"Ni samadi nzuri," Atilio alisema kwa sauti ndogo.

Dakika tisa. Mstari wa tatu ulikatika pale barabara ilipopanuliwa na punje kung'olewa. Lutengano aliita kwenye redio, mama yuko wapi sasa, yeye aende wapi. Enesia alimwambia asimame hapo hapo alipo, apige mluzi kidogo kidogo, asitembee. Kwa nyuma alimsikia Diwani akilia kama mtu aliyeonewa.

Dakika kumi na tatu. Mstari wa nne ulipita mbali, ukafika ukingo wa msitu, ukarudi mtupu. Atilio alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwao, akiutazama weupe uliofunika shamba lake. Alikuwa amevua kofia.

Dakika kumi na saba. Enesia aliweka ufunguo kwenye tundu. Mgongoni, Lugano alikuwa amelala, na pumzi yake ya moto ilipita kwenye khanga ikatua kati ya mabega ya mama yake, doa moja la joto, dogo kama kiganja.

"Kumi na tisa," Edina alisema.

Kioo kililia.

Mstari wa tano ulikuwa umegonga punje iliyoambiwa. Si moja, ni tatu kwa mfululizo. Habari yenyewe ilikuwa fupi: joto geni, upande wa kaskazini, tangu saa sita na robo. Enesia alilisukuma swali lifuate, na likafuata, punje kwa punje, likipanda, mpaka kwenye kilima cha miamba juu ya pareto, likamfikia aliyeisema habari hiyo mwanzo. Jibu lake likarudi.

"Nyuzi thelathini na moja," Enesia alisoma. "Saa saba ilikuwa na sitini. Sitini si mtu. Ni moto, na sasa unakufa." Alishika redio. "Baba Lugano, geuka kulia. Panda. Usiache kupanda mpaka nikuambie."

Alichomoa ufunguo wake kwenye tundu kwa mkono mwingine. Edina naye akachomoa wake, akauweka mfukoni, akafuta macho kwa pindo la shuka, kisha akakohoa kana kwamba ni mafua.

Ilichukua nusu saa. Hapo redio ikakwaruza, na iliyotoka haikuwa sauti ya Lutengano.

"Nani kamfungua kamba mbuzi wangu?" Bi Orida aliuliza.

*

Alikuwa ameteguka kifundo cha mguu kwenye mwamba saa tano na nusu, akamwachia Diwani aende kuita watu, na Diwani akaenda kunywa maji. Mwenyewe alifanya anachofanya kila mtu wa Ilevelo akipatwa na ukungu: alikaa pale pale. Aliwasha mabua ya pareto, akafukia viazi vitatu ndani ya majivu, akasubiri.

Alimsimulia Enesia yote hayo kesho yake mchana, akiwa amekaa kwenye benchi la kituo, mguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, Lugano mapajani. Nje jua lilikuwa limetoka kama lililokumbuka ahadi. Sakitu ilikuja alfajiri kweli. Punje zilisema itatua mashamba ya bondeni na ya kanisani, na kijiji kizima kikaamka kufunika huko. Atilio alipoteza matuta mawili, akayaita matuta ya Orida, na tangu asubuhi alikuwa ameshamdai Bi Orida mbuzi mara tatu kwa ajili ya hayo matuta.

Namba ya ukutani ilikuwa imepanda mpaka kumi na saba, na ilikuwa bado inapanda.

"Nipe mkono, Mama," Enesia alisema.

Bi Orida aliutoa mkono kwa shingo upande. Enesia alimfunga bangili. Kisha akatoa ya pili, ndogo zaidi.

"Na hii?"

"Ya Diwani. Kila mtu na yake."

Bi Orida aliigeuza geuza, akaonekana kuridhika zaidi na hiyo kuliko na yake. Lugano aliinyakua, akaitia mdomoni.

"Edina ameniambia mlikaa na saa mezani," Bi Orida alisema bila kuinua macho.

Enesia alikuwa ameisubiri hii tangu jana. "Ndiyo, Mama."

"Dakika ngapi?"

"Ishirini. Ilibaki moja."

"Na hiyo moja ingeisha?"

"Ufunguo ulikuwa kwenye tundu."

"Pamoja na viazi vya familia mia mbili na kumi."

"Pamoja navyo." Maji kwenye beseni yalikuwa yamepoa, na Enesia akainuka kuleta mengine, kwa sababu ilikuwa rahisi kusema akiwa amempa kisogo. "Ila nilikuweka kwenye saa, Mama. Dakika kumi na tisa nilikuweka kwenye mizani na viazi. Sijui kama nilifanya vizuri. Nimekesha nikijiuliza."

Bi Orida alimtoa Lugano bangili mdomoni, akamfuta kidevu, akamrudishia.

"Saa ile mimi nilikuwa na kiazi cha mwisho kwenye majivu," alisema. "Moto ulikuwa umeisha. Nikasema, nikikila hiki, sina kingine cha kufanya isipokuwa kuogopa. Kwa hiyo sikukila. Nilikishika tu mkononi, kilikuwa bado na joto."

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa kiazi cha kuchoma, kimekunjamana, kimepoa, na majivu yake yote. Akakivunja katikati juu ya mapaja, nusu akamnyooshea mkwewe.

"Kaa ule," alisema. "Maji yataongezwa baadaye."

Enesia alikaa. Kwenye redio Atilio alikuwa anaita tena, anataka kujua viazi vyake vinasemaje leo, na Bi Orida akaivuta redio karibu na mdomo wake.

"Vinakula," alimjibu. "Subiri."